Maji ni ya Wote, Njia ni ya Nani?

Iwapo siku moja utafika Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki ya Uganda, kila utakayemwuliza atakuambia kwamba maporomoko makubwa ya maji hayako mbali. Atakuwa amesema kweli. Ukiwa kando ya barabara ya lami itokayo Mbale kwenda Kapchorwa unaweza kuyaona kwa macho yako, na mtu mwenye afya njema anaweza kushuka hadi chini yake kwa muda usiozidi saa moja. Asilokuambia ni kwamba njia hiyo ni fupi kwa sababu imeukata mlima kutoka juu hadi chini bila kuuzunguka. Magoti yako yatalitambua jambo hilo kabla ya macho yako.

Nimeishuka njia hiyo mara kadhaa. Mara ya mwisho nilikuwa na wanafunzi wangu ishirini na wawili wa kidato cha tatu, watoto wa mjini waliokuwa wamechoka kusoma neno "maporomoko" ubaoni na kutaka kuliona. Leo sikusudii kukusifia uzuri wa maji yale, yanajisifu yenyewe. Nakusudia kukuletea swali nililoulizwa na mmoja wa wanafunzi hao tukiwa katikati ya mteremko, swali ambalo mimi, mwalimu wao, sikuweza kulijibu papo hapo. Aliuliza: "Mwalimu, ngazi hii ni ya nani?"

Mahali penyewe

Mto Sipi huanzia kwenye vimo vya juu vya Elgon, mlima wa volkano iliyozimika zamani, ambao kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Mto ukifika kwenye magenge ya Kapchorwa huanguka mara tatu, mahali patatu tofauti, kabla ya kuendelea na safari yake katika tambarare za Ziwa Kyoga na hatimaye kujiunga na Naili. Anguko la chini ndilo refu kuliko yote: takribani mita 100, yaani maji hudondoka kwa kimo cha ghorofa zaidi ya thelathini bila kugusa kitu.

Wenyeji wa hapa ni Wasabiny. Lugha yao, Kupsabiny, ni ndugu wa lugha za Wakalenjin walioko ng'ambo ya mlima, nchini Kenya. Jina la mto husemwa kuwa limetokana na "sep", mmea unaofanana na mgomba ambao huota kandokando ya maji, na ambao wazee waliutumia kama dawa ya surua na homa. Kwa hiyo kabla mto huu haujawa kivutio cha watalii ulikuwa kwanza duka la dawa, kisima, na mpaka kati ya shamba na shamba. Zingatia hilo, kwa maana wageni wengi hufika hapa wakidhani kwamba mahali hapa palianza kuwapo siku walipopaona pichani.

Njia ya kushukia huanzia kati ya nyumba za watu. Unapita nyuma ya jiko linalofuka moshi, unainama chini ya kamba ya nguo, unapishana na kuku, kisha unaingia katika shamba la mibuni na migomba. Kahawa ya miteremko hii ni arabika, zao lililosomesha watoto wengi wa Elgon. Baada ya mashamba, ardhi inapotea miguuni. Hapo mteremko unakuwa mkali kiasi cha kukulazimu ushuke kwa kiuno na mikono, ukishika mizizi, na pale genge linapokatika kabisa pamewekwa ngazi. Ukishaimaliza ngazi unaanza kusikia ngurumo kifuani, na manyunyu yanakulowesha ungali mbali na maji.

Yaliyotupata

Siku ile tulilipa mara tatu. Mlangoni mwa njia tulimlipa kijana aliyesema anakusanya kwa niaba ya kijiji. Katikati ya mashamba tulimlipa mzee aliyekuwa ameketi juu ya gogo lililolazwa kuvuka njia. Karibu na ngazi tulimlipa mama mmoja aliyekuwa akipalilia mibuni yake, naye alinyoosha mkono bila kuacha jembe. Hakuna hata mmoja aliyetupa stakabadhi, na hakuna mahali palipoandikwa kiasi cha kulipa. Wanafunzi wangu walianza kunung'unika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba tunaibiwa. Nami, nakiri, nilinyamaza kwa sababu moyoni nilikuwa nakubaliana naye.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Hili nalo nakiri: sikuuliza hali ya njia. Nilikuwa nimeahidi safari, basi lilikuwa limelipiwa, na nilitaka kuitimiza ahadi. Tulipofika kwenye ngazi, wasichana wawili walishuka salama. Wa tatu alikanyaga kipandio kilichooza, kikakatika. Miguu yake ikaning'inia hewani, mikono yake ikishika mbao mbili za pembeni, na kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko safari nzima, hakuna aliyesema neno. Kijana aliyekuwa akituongoza alimdaka kwa chini, akamteremsha. Alitoka na mchubuko wa kiganja na goti lililovimba. Tunamshukuru Mungu.

Alipokwisha kutulia ndipo yeye mwenyewe, akiwa ameketi juu ya jiwe, akaniuliza: "Mwalimu, ngazi hii ni ya nani?"

Nikamgeukia kijana. Akasema ngazi si ya kijiji, kijiji kinakusanya tu pesa ya mlangoni. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza mzee wa gogo. Akasema ngazi haiko shambani mwake. Nikamwuliza yule mama. Akanitazama kwa mshangao, akajibu: "Mwalimu, shamba ni langu, lakini mimi siendi kule chini. Ngazi ni ya wageni." Naam, ndugu msomaji, ngazi ilikuwa yetu sisi wageni, na sisi tulikuwa tunaondoka.

Sheria yasemaje?

Jioni ile nilipofika nyumbani niliifungua Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kitabu ambacho sisi walimu hupenda kukitaja kuliko kukisoma. Ibara ya 237 inasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda. Si mali ya serikali. Raia huimiliki kwa njia mbalimbali, ikiwamo ile ya kimila, ambayo ndiyo umiliki wa wakulima wengi wa milimani. Lakini ibara hiyohiyo inaongeza jambo la pili: maziwa ya asili, mito, ardhi oevu, hifadhi za misitu na mbuga za taifa hushikwa na serikali kuu au serikali ya mtaa kama amana kwa ajili ya wananchi, na ni wajibu wake kuvilinda kwa manufaa ya wote.

Tulitafakari neno "amana". Katika Kiswahili, amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Si chako, na siku yoyote mwenyewe anaweza kukuuliza kiko wapi. Aliyeshika amana hana ruhusa ya kuiuza, wala hana ruhusa ya kuiacha iharibike kisha akasema haikuwa yake. Basi Mto Sipi, kwa mujibu wa Katiba, ni amana. Maji yale yanayoanguka ni yako wewe uliyepo Kampala, ni ya mvuvi wa Kyoga, na ni ya yule mama anayepalilia.

Ila njia si amana. Njia inapita katika shamba la mtu, na Ibara ya 26 ya Katiba hiyohiyo inalinda mali ya kila mtu: hawezi kunyang'anywa kwa manufaa ya umma pasipo kulipwa kwanza fidia ya haki. Kwa hiyo tunapata hali ya ajabu kidogo: una haki juu ya maji, lakini huna haki ya kukanyaga mibuni ya mtu ili uyafikie. Katikati ya haki hizi mbili pana hatua mia kadhaa za udongo mwekundu unaoteleza, na katikati ya hatua hizo pana ngazi isiyo na mwenyewe.

Ukilitazama hivyo, utaona kwamba mama yule hakutuibia. Kila kundi linalopita humkanyagia udongo, humvunjia matawi, humtisha ng'ombe wake, na mara nyingine humwachia chupa za plastiki. Alichokiomba ni kidogo kuliko hasara yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama mgeni anakuja na mwenyeji anazidi kuumia, basi ugeni huo una kasoro.

Kosa basi liko wapi? Kosa ni kwamba kila mmoja wetu siku ile alilipa au alilipwa kwa ajili ya kupita, na hakuna shilingi hata moja iliyolipwa kwa ajili ya njia. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba ngazi bila daftari huoza bila habari, hadi siku mtoto wa mtu atakapoikanyaga.

Neno moja, misiba miwili

Niruhusu sasa nirudi katika somo langu. Kiswahili kina neno moja, "maporomoko", kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Maji yakianguka kutoka juu ya genge ni maporomoko. Mlima ukikatika na kuangukia watu, nayo ni maporomoko. Tunaongeza "ya maji" au "ya ardhi" ili kutofautisha, lakini shina ni lilelile: kuporomoka. Wahenga wetu hawakukosea. Kwenye Mlima Elgon mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mteremko uleule mkali na mvua ileile nyingi vinavyotupatia pazia la maji ndivyo vinavyolegeza udongo.

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka juu ya Nametsi katika wilaya ya Bududa, na mamia ya watu wakafa au wakafukiwa wasionekane tena. Mwishoni mwa Novemba 2024 ardhi iliporomoka katika wilaya ya Bulambuli, ambayo inapakana na Kapchorwa, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Wote hawa ni watu wa mlima mmoja.

Sisemi kwamba njia ya watalii ndiyo iliyoleta misiba ile. Kusema hivyo kungekuwa uongo. Nasema kwamba kila mteremko una namna yake ya kushikamana, na namna hiyo inaweza kuharibiwa kidogokidogo. Mizizi ya miti huufunga udongo na kunyonya maji. Miti ikikatwa, mvua huingia ardhini bila mlinzi, udongo unakuwa mzito, na pale ulipokalia tabaka la mfinyanzi au mwamba unapata mahali pa kuteleza. Vivyo hivyo, njia inayoshuka moja kwa moja bila kupindapinda hugeuka mfereji wakati wa mvua: maji huikimbilia, huichimba, huifanya korongo, na watu wakiona korongo huanza kupita kando yake, wakifungua njia nyingine na kukanyaga mibuni mingine. Hapo ulipokuwa na mfereji mmoja unakuwa na mitatu.

Tiba yake inajulikana, wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Njia ipindishwe mwinuko unapozidi. Magogo au mawe yazikwe kwa mshazari kila baada ya hatua kadhaa ili kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Nyasi ziachwe ziote kingoni, na miti ya asili ipandwe pale ilipokatwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinatenga ukanda wa ulinzi wa mita 100 kwa mito iliyotajwa ndani yake na mita 30 kwa mito mingine. Kwa maneno mengine, hakuna mto ambao ukingo wake umeachwa bila kinga kwenye karatasi. Kazi iliyobaki ni kuifanya karatasi hiyo ifike mtoni.

Ninachopendekeza

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya. Fedha inayolipwa katika njia ya maporomoko, popote ilipo njia ya namna hii, iwe fedha ya wazi, na sehemu yake iwe ya njia yenyewe. Sizungumzii mradi mkubwa. Nazungumzia kikao kimoja cha halmashauri ya kijiji, ile tunayoiita LC1, ambapo wenye mashamba yanayopitiwa, vijana wanaoongoza wageni na wananchi wengine waketi na kukubaliana mambo manne.

Kwanza, ada iwe moja, ilipwe mahali pamoja, na kiasi chake kiandikwe ubaoni. Pili, kila anayelipa apewe stakabadhi yenye namba, hata ikiwa ni kijikaratasi cha kitabu cha duka. Tatu, mgawanyo uandikwe kwenye ubao uleule: kiasi fulani kwa kila mwenye shamba, kiasi fulani kwa waongozaji, kiasi fulani kwa ngazi, mitaro na miti. Nne, ateuliwe mtu mmoja mwenye jina na simu ambaye njia ni dhamana yake, na ambaye ana mamlaka ya kuifunga siku ya mvua.

Ubao huo uandikwe kwa Kupsabiny, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Usidhani nakitetea Kiswahili kwa sababu ndicho kinachonilisha. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Lugha rasmi ambayo haijawahi kumwonya mtu kwamba ngazi imeoza bado haijaanza kazi. Mkenya aliyevuka mpaka, Mtanzania, Mkongomani, na mwanafunzi wangu wa mjini asiyejua Kupsabiny, wote wangeusoma ubao huo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwenye shamba atasema: "Nikikubali fedha ikusanywe mahali pamoja, watakula wakubwa, nami nitabaki na jembe langu." Tafadhali usimcheke. Katika mlima huuhuu jamii ya Wabenet, watu wa misitu na nyika za juu, walihamishwa mwaka 1983, na hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1993 wengi wao wakajikuta tena upande usioruhusiwa. Ilibidi wafike Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2005 iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo lile, na hata baada ya hukumu hiyo safari yao haikuisha. Mtu aliyewaona jirani zake wakipoteza ardhi kwa jina la manufaa ya umma ana sababu ya kuuogopa umma.

Ndiyo maana sipendekezi geti la mtu kutoka mbali, wala kampuni, wala ofisi mpya mjini. Napendekeza ubao. Hofu ya kuliwa fedha haitibiwi kwa kila mtu kuweka gogo lake njiani. Inatibiwa kwa hesabu inayoweza kusomwa na mtoto wa shule. Mama yule akiona kwenye ubao kwamba mwezi huu walipita watu kadhaa na fungu lake ni kiasi fulani, atakuwa na kitu cha kushika mkononi anapodai. Leo anachoweza kudai ni kile tu anachokipata mgeni anapopita mbele yake, na siku akienda sokoni hapati kitu.

Pingamizi la pili hutoka kwetu wageni: "Kama mto ni amana ya wananchi wote, kwa nini nilipe hata kidogo?" Jibu ni kwamba hulipii mto. Unalipia bega la mlima unaloegemea ili uuone. Ibara ya 17 ya Katiba inatutaja sisi raia, si serikali peke yake, kuwa na wajibu wa kutunza mazingira safi na yenye afya. Wajibu huo hauishii kwenye ua wa nyumba yako. Unakufuata mpaka kwenye shamba la watu.

Wajibu wako wewe

Mambo ya halmashauri yanaweza kuchelewa. Yako wewe hayana sababu ya kuchelewa. Ukienda Sipi, au kwenye maporomoko yoyote ya milimani, uliza kwanza kama mvua imenyesha usiku, na ukiambiwa ndiyo, ahirisha. Ahadi uliyotoa kwa watoto inaweza kusubiri siku mbili; nimejifunza hilo kwa gharama ya goti lisilo langu. Mchukue mwongozaji wa palepale, kwa kuwa anajua kipandio kipi kimeoza na atakudaka kikikatika. Vaa viatu vyenye meno. Usikate kona ili kufupisha njia, maana kila kona unayoikata ni mfereji wa mvua ijayo. Uliokuja nayo, chupa na karatasi, rudi nayo.

Na unapolipa, omba stakabadhi kwa heshima. Mwambie: "Mama, naomba uniandikie." Huenda asiwe na kalamu. Mpe yako. Usiombe kwa sauti ya mtu anayemshuku mwizi; omba kwa sauti ya mtu anayetaka hesabu iwe sawa kwa pande zote mbili. Kisha uliza swali la mwanafunzi wangu: ngazi hii ni ya nani? Liulize kwa kijana wa mlangoni, kwa mzee wa gogo, kwa mwenyekiti wa kijiji ukimkuta. Swali likiulizwa na mtu mmoja ni usumbufu. Likiulizwa na kila anayepita, litahitaji jibu.

Kupanda

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sipi imeugeuza mchongoma: kushuka ni mchezo, ngoma ni kupanda. Utasimama kila baada ya hatua ishirini ukijifanya unatazama mandhari. Watoto wa kijiji watakupita wakikimbia, wamebeba madumu ya maji, nao hawatahema. Usione ajabu. Wilaya hii ndiyo iliyomzaa Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyetwaa ya mita 10,000 kule Paris mwaka 2024. Milima hii ilikuwa shule kabla hatujaleta shule zetu.

Wanafunzi wangu waliandika barua kwa halmashauri ya kijiji, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Niliwasahihishia ngeli, hoja niliziacha kama zilivyo. Hawakudai kurudishiwa fedha. Waliandika kilichotokea, wakataja mambo manne niliyokueleza hapo juu, na mwishoni msichana aliyeanguka aliongeza kwa mkono wake kwamba angependa kurudi.

Barua haijajibiwa hadi ninapoandika haya. Hata hivyo wiki iliyopita nilipita Sipi nikiwa peke yangu, siku kavu, nikashuka hadi kwenye ngazi. Mahali pa kipandio kilichokatika palikuwa na kipande cha mkaratusi mbichi, kimefungwa kwa waya. Nilipanda hadi shambani nikamkuta mama yule yule na jembe lake. Nilimsalimu, nikamwuliza ni nani aliyeitengeneza.

"Ni mimi na mwanangu," akasema. "Yule mtoto wako aliniogopesha."

Nikamwuliza amelipwa na nani. Akacheka, akaniomba ada ya siku hiyo. Nikampa, pamoja na kalamu. Akaandika kiasi na tarehe nyuma ya daftari la mwanawe, akachana kipande, akanipa. Ninacho hapa mezani. Ni stakabadhi ya kwanza niliyowahi kupata katika njia ile, na natumaini yako wewe, msomaji, itakuwa na namba.